Krafti ya karibu au stauti ya kutoka nje: anayeanza achukue ipi kwanza?

Hili swali naulizwa sana, krafti ni zile bia za viwanda vidogo vinavyojitegemea na stauti ni zile bia nyeusi za nafaka iliyokaangwa, na wanaouliza ni wa aina mbili, kuna aliyekunywa laga ileile miaka kumi sasa anataka kubadilisha, na kuna mtu mzima ambaye ndo kwanza anaanza bia. Wote wanafika mbele ya friji wanakuta chupa hamsini, moja ina ng'ombe, nyingine ina mzee mwenye ndevu, nyingine nyeusi tii haina hata picha, basi mtu anabahatisha, anachukua yenye rangi za kuvutia, anafika nyumbani anapiga funda mbili inayobaki anamwaga kwenye sinki. Kesho yake anasema krafti sio zangu. Inaniuma kweli nikisikia hivyo, kwa sababu mara nyingi bia haina kosa na yeye hana kosa, ila kaanza na ile iliyotakiwa iwe ya ishirini.

Mi ninachowaambia watu ni hiki kimoja tu na ukikishika kitakufaa popote ulipo: bia inayotegemea hopsi nunua iliyotengenezwa karibu na wewe, bia inayotegemea nafaka iliyokaangwa unaweza ukanunua hata iliyovuka bahari. Mengine yote nitakayoandika hapa yanatoka humo.

Kwanini? Hopsi ni yale maua ya mmea unaotambaa, ndo yanaleta uchungu kwenye bia na ndo yanaleta harufu pia, kuna ya machungwa, kuna ya msonobari, kuna ya maembe, inategemea aina. Uchungu wake unadumu na unasaidia bia isiharibike, hiyo ndo kazi hopsi imefanya karne nyingi. Lakini harufu inatoka kwenye mafuta mepesi ambayo hayavumilii joto wala oksijeni, kila wiki inayopita yanapungua. Sasa chukua IPA, yani ile bia yenye hopsi nyingi, iliyokaa miezi kadhaa kwenye kontena halafu mingine stoo, uchungu bado upo, ila ile harufu iliyokuwa inaubembeleza huo uchungu imeshaondoka, unabaki na ukali mtupu na ladha fulani kama ya boksi lililoloana. Anayeanza akipewa hiyo atajuaje kwamba bia imechoka? Ataamini ndo ilivyo, na hataigusa tena.

Stauti ni habari nyingine. Weusi wake na ile ladha ya kahawa na chokoleti chungu inatoka kwenye shayiri iliyokaangwa mpaka ikawa nyeusi, na hiyo ladha haina haraka ya kukimbia. Mwaka 1817 Daniel Wheeler alipata hataza (haki ya uvumbuzi) Uingereza ya pipa linalozunguka la kukaangia kimea, yani nafaka iliyooteshwa ikakaushwa, na kuanzia hapo mtengenezaji akaweza kuweka kimea cheusi kidogo tu bia yote ikawa nyeusi. Na tena kuna stauti zilizoundwa makusudi kwa ajili ya safari. Guinness mwaka 1801 walikuwa na pota, bia nyeusi ndugu ya stauti, ya kupeleka visiwa vya Karibi, wakaiongezea hopsi na kilevi ili ivumilie wiki nyingi kwenye meli, na ukoo huo ndo uliozaa Foreign Extra Stout ya leo, ile inayotengenezwa Dublin ina asilimia 7.5. Karne ya 18 London nako walikuwa wanatengeneza stauti nzito za kupeleka Urusi, ndo maana mpaka leo zile kali kabisa zinaitwa imperiali. Kwa hiyo stauti kusafiri ni kazi yake ya tangu zamani.

Kabla sijaanza kuzipambanisha, kuna woga mmoja lazima tuutoe. Watu wengi wanaamini bia nyeusi ni kali na inashibisha kama uji. Sio kweli, rangi haihusiani na nguvu. Guinness Draught ni asilimia 4.2 hivi, Murphy's ya Cork, Ireland ni 4, wakati Sierra Nevada Pale Ale yenye rangi ya shaba inayong'aa ni 5.6. Hata kalori, Guinness Draught ya mililita 355 ina kama 125 wakati Budweiser ya kipimo hichohicho ina kama 145, ile nyeusi ndo nyepesi. Kinachowadanganya watu ni ule ulaini wa povu, mdomo unasema "nzito" wakati tumbo halijapata kitu. Kwa hiyo kwenye lebo angalia asilimia, rangi achana nayo.

Na neno "karibu" lisikuchanganye. Simaanishi lazima iwe ya mtu anayepikia bia kwenye banda lake. Marekani kwa mfano chama chao cha Brewers Association kinahesabu kiwanda cha kanda kuwa kile kinachotoa kati ya mapipa 15,000 na milioni 6 kwa mwaka, na pipa lao moja ni kama lita 117, hiyo ni bia nyingi sana. Ninachomaanisha ni bia isiyokuwa na safari ndefu kati ya tangi na mkono wako. Majina nitakayotaja hapa chini mengine kwako yatakuwa ya jirani na kwa mwingine yatakuwa ya nje, wewe shika aina ya bia halafu tafuta ndugu yake aliyeko karibu.

Kama umezoea laga: eli ya dhahabu dhidi ya stauti kavu

Hapa ndo penye watu wengi kwa hiyo nitakaa kidogo.

Upande wa krafti, mlango mzuri ni zile eli (bia zinazochachushwa kwenye joto zaidi kuliko laga) za Kimarekani za rangi ya dhahabu au shaba, na mfano unaojulikana dunia nzima ni hiyo Sierra Nevada Pale Ale, kiwanda kilianza Chico, California, bia yao ya kwanza wakapika mwaka 1980. Hopsi yake inaitwa Cascade, ilitolewa kwa wakulima mwaka 1972, na kama hujawahi kuinusa utashangaa bia inanukiaje kama balungi bila kuwekwa tunda lolote. Uchungu wake wanaupima 38 kwenye kile kipimo cha IBU, laga nyingi za kawaida za viwanda vikubwa ziko chini ya 20. Yani utausikia, lakini kimea chake kina utamu kidogo wa mkate kinaubeba, na baada ya robo glasi ulimi unazoea.

Upande wa stauti ni stauti kavu za Ireland, Guinness, Murphy's ya tangu 1856, Beamish ya tangu 1792, hizo mbili za mwisho zote za Cork. Za bomba na zile za kopo zina naitrojeni iliyochanganywa na kabonidioksaidi, Guinness walianza hiyo mwaka 1959, na naitrojeni inatoa mapovu madogo madogo sana ndo maana inateleza kama krimu. Kwenye kopo kuna kile kimpira cha plastiki kinachogonga ukitikisa, kazi yake ni kutema gesi ukifungua ili povu lipande lenyewe. Watu wanakikuta wanadhani kuna kitu kimeingia kwa bahati mbaya, hapana, kimewekwa.

Sasa ipi? Kama unachopenda kwenye laga ni ule mchomo wa gesi na ubaridi, chukua eli ya dhahabu, kwa sababu stauti ya naitrojeni haina mchomo kabisa na utaiona imepoa kama imekaa wazi usiku kucha. Kama laga unainywa ila gesi inakujaza na unabeua sana, nenda stauti kavu bila kusita. Kati ya tatu hizo mi naanza na Murphy's, ina ukavu mdogo kuliko Guinness na inaelekea kwenye chokoleti kidogo. Beamish kwangu ina ladha ya kuungua iliyozidi kidogo kwa mtu wa siku ya kwanza, ni nzuri sana ila iache ya tatu.

Kama uchungu huutaki kabisa: bia ya ngano dhidi ya stauti ya maziwa

Kuna watu uchungu kwao ni ukuta na hakuna haja ya kuwalazimisha, wala usikubali mtu akwambie utazoea tu, kuna bia zilizotengenezwa kwa ajili yako.

Ya kwanza ni bia ya ngano ya Kibelgiji, ile nyeupe yenye ukungu. Ilikaribia kupotea kabisa mpaka Pierre Celis alipoifufua kijijini Hoegaarden miaka ya 1960, na leo viwanda vingi vya krafti vina ya kwao. Allagash White ya Portland, Maine ni mojawapo ya zinazosifiwa sana, asilimia 5.2, ndani kuna giligilani na maganda ya chungwa. Haina uchungu wa kukutisha, ina gesi ya kutosha, inanukia vizuri. Hii nunua ya karibu na nunua mpya, kwa sababu uzuri wake wote upo kwenye ule uchangamfu, ikizeeka inalala.

Ya pili ni stauti ya maziwa. Jina linawatisha watu, haina maziwa ya kumiminwa, wanaweka laktosi, ile sukari ya kwenye maziwa. Chachu ya bia haiwezi kuila laktosi kwa hiyo utamu wote unabaki kwenye glasi badala ya kugeuka kilevi. Ya Left Hand kutoka Longmont, Colorado ni asilimia 6 na ni kama kahawa iliyotiwa maziwa, ya Uingereza ya zamani ni Mackeson ambayo ni nyepesi zaidi. Ila angalizo la kweli, kama tumbo lako linakataa maziwa basi na hii itakusumbua, usiinywe, chukua stauti tamu isiyo na laktosi, Dragon Stout ya Jamaika ina utamu mwingi ingawa ni asilimia 7.5 kwa hiyo nenda nayo taratibu sana, ule utamu unaficha nguvu yote.

Hapa mi naegemea stauti ya maziwa kwa anayependa vitu vitamu, na bia ya ngano kwa anayetaka kitu cha mchana wa jua. Hazifanani hata kidogo kwa hiyo hazigombanii nafasi.

Kama wewe ni mtu wa kahawa: pota dhidi ya stauti ya oti

Hawa ndo rahisi kuliko wote, yani mtu anayekunywa kahawa nyeusi bila sukari ameshamaliza nusu ya safari.

Pota na stauti ni ndugu, stauti mwanzoni lilikuwa tu neno la pota yenye nguvu zaidi, na leo mpaka wenyewe umefifia, mara nyingi pota ina ukaango mwepesi na chokoleti nyingi kuliko kahawa. Black Butte Porter ya Deschutes, Bend, Oregon, ambayo wamekuwa wakiitengeneza tangu 1988, ni asilimia 5.5 hivi na ni mfano safi kabisa wa krafti ya kanda inayofanya jambo moja vizuri miaka yote. Upande wa kutoka nje kuna stauti ya oti ya Samuel Smith, kiwanda cha Tadcaster, Yorkshire cha tangu 1758, asilimia 5. Oti, ile nafaka ya uji, inaongeza ulaini, funda linapita kama hariri, halafu mwishoni inakauka kidogo ndo unapata ile hamu ya funda la pili.

Ukinilazimisha kuchagua bia moja tu ya kumpa mtu asiyejua chochote kuhusu bia nyeusi, nitampa hiyo ya oti ya Samuel Smith. Nimempa mama yangu mdogo ambaye alikuwa hanywi zaidi ya mvinyo, nimempa jirani, nimempa shemeji yangu aliyekuwa anasema bia zote ni sawa, na wote walimaliza chupa. Kitu kimoja tu cha kuwa makini, chupa yake ni ya kioo angavu, na mwanga ukikutana na hopsi unatengeneza ile harufu ya kicheche, kwa hiyo usichukue iliyopangwa dirishani au chini ya taa kali, omba ya ndani ya boksi. Chupa ya kahawia inakinga vizuri zaidi, ya kijani na ya angavu hazikingi vya kutosha, kopo linakinga kabisa.

Kama unapenda juisi na matunda

Hapa sitalinganisha sana kwa sababu stauti haina la kujibu. Kuna IPA zenye ukungu, zile zilizoanzia Vermont, Marekani, Heady Topper ya kiwanda cha The Alchemist ndo ilizifanya zitafutwe, nazo zinanukia embe, nanasi na pichi wakati hakuna tunda, ni hopsi tupu iliyowekwa kwa wingi mwishoni. Uchungu wake ni laini kuliko IPA za zamani. Ila ndo bia isiyovumilia kusubiri kuliko zote, mi nikiona tarehe ya kufungwa kwenye chupa au kopo imepita miezi miwili naiacha hapohapo, na ya kutoka ng'ambo siinunui kabisa hata iwe na sifa gani. Ya kiwanda kidogo cha kwenu iliyofungwa wiki iliyopita itaishinda ile maarufu iliyochoka, kila mara. Na soma asilimia, Heady Topper ni 8, nyingi zinacheza kati ya 6 na 8 na zinashuka kama juisi kwelikweli, hiyo ndo hatari yake.

Ambazo usianze nazo

Stauti imperiali. Nampenda sana Old Rasputin ya North Coast, asilimia 9, Lion ya Sri Lanka asilimia 8.8 ni ya ajabu kwa uzuri, Founders Breakfast Stout yenye kahawa na chokoleti ndani ni 8.3, lakini nilishawahi kumpa rafiki yangu wa karibu imperiali kama bia yake nyeusi ya kwanza kabisa, kwa mapenzi tu nilitaka aonje kilicho bora, akapiga funda akasema ni kama mchuzi wa soya uliochanganywa na lami, na miaka mitatu hakugusa bia nyeusi. Lile kosa lilikuwa langu. Alikuja kurudi kupitia stauti ya maziwa.

Na kuna hesabu ambayo watu hawaifanyi. Chupa ndogo ya mililita 355 yenye asilimia 9 ina kama mililita 32 za kilevi kitupu. Painti nzima ya Guinness Draught, mililita 568 kwa 4.2, ina kama 24. Ile chupa ndogo inayoonekana ya kuonja ndo yenye nguvu kuliko glasi kubwa. Kwa hiyo usihesabu chupa, hesabu ujazo mara asilimia, na kama unaendesha siku hiyo basi usinywe, na mjamzito asiguse yoyote kati ya hizi.

IPA kali za asilimia 8 kwenda juu zenye uchungu wa msonobari nazo ziache kwanza, pamoja na bia chachu, zile zenye ladha ya kuchacha makusudi. Zitakuja zenyewe.

Namna ya kuzionja ili ulinganisho uwe wa haki

Nunua mbili, moja ya karibu moja ya nje, kutoka kundi moja kati ya hayo hapo juu. Tumia glasi, ukinywea kwenye chupa pua inakosa kazi na nusu ya ladha ni pua. Anza na nyepesi kwa asilimia, na weka maji ya kunywa pembeni.

Kuhusu ubaridi hapa ndo wengi wanaharibu. Stauti ya naitrojeni iwe baridi, nyuzi 5 mpaka 7 za Selsiasi ni sawa. Eli ya dhahabu na IPA ziache zipande kidogo, 7 mpaka 10. Stauti ya chupa kama ya oti itoe kwenye friji dakika ishirini kabla, ikifika kwenye 10 au 12 ndo chokoleti inatokea, ikiwa baridi sana utasikia ukavu tu na utaisingizia bure. Kopo la naitrojeni limimine kwa nguvu bila woga kisha subiri litulie, eli ya kawaida inamisha glasi umimine polepole halafu mwishoni isimamishe ipate povu.

Tarehe ni muhimu kuliko jina. Viwanda vingi vizuri vya krafti vinaandika siku bia ilipofungwa, kama kopo la bia ya hopsi lina tarehe ya mwisho wa matumizi pekee na hujui ilifungwa lini, muulize muuzaji, asipojua chukua stauti. Mi niliwahi kununua katoni nzima ya IPA iliyokuwa imepunguzwa bei, sikuangalia chini ya kopo, ilikuwa na miezi kumi na moja. Zote zilikuwa na ladha ileile ya boksi.

Imperiali ukipewa zawadi usiimwage na usiifungue leo, isimamishe wima sehemu yenye giza na ubaridi, hizo ni kati ya bia chache zinazokubali kukaa mwaka na zaidi, ukali wa kilevi unapoa na utamu wa matunda makavu unajitokeza. Siku utakayokuwa umeshakunywa stauti kavu, ya maziwa na ya oti, ita watu watatu, mgawane hiyo chupa moja kwenye glasi ndogo, na uinywe kwa lisaa lizima.